Bibi Harusi wa Manjano

Mama mkwe alitoa hukumu akimenya viazi. Hukumu zote za nyumba ile zilitolewa wakati wa kumenya kitu, ili kisu kiwe mkononi na asitokee wa kubisha. Alisema mjukuu ni damu yake, na kumlea hakumchoshi. Lakini kumlea kila Jumanne na Alhamisi jioni ili mama yake aende kufundishwa rangi, hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Rangi si kitu cha kufundishwa. Mtoto mwenyewe, ambaye bado hajui makamasi yake ni ya nani, akionyeshwa puto jekundu anacheka. Sasa mtu mzima na akili zake, mke wa mtu, anakwenda kukalia dawati ili aambiwe jekundu ni jekundu?

"Harusi ya wifi yako ipite," alisema. "Nikiona faida ya hayo masomo kwa macho yangu haya mawili, tutaendelea. Nisipoiona, utakwenda na mtoto wako mkasome wote, mfaulu wote."

Mkwe wake akaitika "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Majirani walimwita mkwe huyo Mama Meneja kwa sababu ya huyo mwanawe. Mtoto yule tangu azaliwe alikuwa na tabia za watu wenye cheo: alilala wengine wakifanya kazi, akiamka anafoka, na kila aliyempakata aliondoka ameloa. Mama yake alimpenda hadi akawa anamnusa kisogo akiwa usingizini, lakini mapenzi hayakumzuia kuhesabu siku za darasa. Shule ya kwanza aliiacha njiani, si kwa kupenda. Hii ya jioni, ya ufundi wa picha, alikuwa ameishika kwa meno. Akifaulu, angeweza kupata kazi ya kusawazisha rangi za video: kazi ya kukaa, yenye feni, na yenye mlango unaofungwa kwa ndani. Mwenye mtoto anayetambaa ndiye anayejua thamani ya mlango unaofungwa kwa ndani.

Bila bibi wa kumshika mtoto, hakuna darasa. Bila darasa, hakuna mlango.

Mume wake waliyemwita Skrini alikuwa na skrini kubwa ya vipande, inayopangwa kama matofali, ambayo aliikodisha kwenye sherehe. Kwa harusi ya mdogo wake wa mwisho aliitoa bure, na ilihitajika kweli. Ukumbi wenyewe ulikuwa na nguzo nene kiasi kwamba aliyeuchora bila shaka hakuwa anapenda watu. Nusu ya wageni wangekaa nyuma ya nguzo. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo familia ililijua lakini haikulitamka mbele ya mwenyewe: mama mkwe alikuwa mfupi. Akisimama nyuma ya meza ya kuhutubia, kinachoonekana ni kilemba. Bila skrini, wageni wangedhani kilemba ndicho kinachozungumza.

Na safari hii alikuwa azungumze. Harusi zote za wanawe wakubwa, maiki ilinyakuliwa na Baba Mkubwa, kaka wa marehemu mumewe, mtu ambaye hotuba zake zilikuwa na sura na aya, na katikati mapumziko ya kunywa maji. Alisema "kwa niaba ya mama mzazi" huku mama mzazi ameketi hapo hapo, mdomo anao. Safari hii bibi harusi aligoma: mama yake azungumze, au hakuna keki. Baba Mkubwa akakubali shingo upande, akampa nafasi ya mwisho kabisa kwenye ratiba, baada ya yeye mwenyewe.

Siku chache kabla ya harusi, watu wa umeme wakapita na gari lenye kipaza sauti. Nyaya za mtaa zinabadilishwa. Jumamosi nzima hakuna umeme. Jenereta ya ukumbi ilikuwa ndogo, ingetosha muziki na mafriji tu. Kikao cha familia kikakaa kuamua kati ya vinywaji baridi na skrini, na vinywaji vikashinda bila hata kura kupigwa. Skrini ingetumia betri. Skrini, mume, akakuna kichwa, akasema betri zitafika kwenye keki. Baada ya keki, tumwachie Mungu.

Baada ya keki ndipo zilipokuwa hotuba.

Mama mkwe alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunja tena, mpaka kikakataa kukunjika. Mama Meneja alimwona, na mdomo wake ukamtangulia kabla akili haijavaa viatu.

"Zitafika mpaka mwisho, mama. Nitapunguza rangi."

Kikao kikacheka. Baba Mkubwa akauliza kama na chumvi ya pilau nayo inapungua ukiitazama. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alimtazama mkwe wake kama mtu anayemtazama mwenye mizani sokoni.

Mambo yenyewe yalikuwa rahisi, kama mwalimu alivyoyaeleza. Mwalimu wao alikuwa mtu mrefu anayevaa fulana ya kijivu kila siku ya Mungu, kwa makusudi, ili nguo zake zisiwadanganye macho. Alisema skrini ya namna ile haina taa moja kubwa nyuma. Kila nukta ni taa tatu ndogo sana, nyekundu, kijani na bluu. Nyeusi ni taa zimelala, haili kitu. Nyeupe ni zote tatu zimeamka; ni sawa na kumwalika mtu chakula akaja na ukoo. Na bluu ndiyo mfanyakazi wa ofisini: inakula umeme vizuri, lakini mwangaza inaouleta jichoni ni kiduchu. Ukiipunguza, picha haiingii giza.

Picha inakuwa ya manjano tu. Lakini hapo jicho lenyewe linakuja kukusaidia, kwa sababu jicho huzoea. Ukikaa chini ya taa ya manjano, baada ya muda karatasi nyeupe unaiona nyeupe, kama unavyoingia nyumba ya mtu ukasikia harufu, na ukishaketi husikii tena. Kwa hiyo ukiiondoa bluu polepole, kama unavyomvua viatu mtoto aliyelala, hakuna atakayeshtuka.

Mama Meneja akaanza na mapambo. Shangazi wa bibi harusi, mpambaji, alikuwa ameandaa mapazia meupe ukuta mzima. Akaambiwa meupe yanakula umeme. Shangazi akajibu kwamba mapazia yake ni ya kitambaa, hayana waya, na kwamba tangu azaliwe hajaona pazia likichomekwa ukutani. Wakabishana mpaka wifi mwenyewe akaingilia, na mapazia yakabadilishwa yakawa rangi ya damu ya mzee, ambayo kwenye skrini haili sana. Majina ya wageni yaliyokuwa yaandikwe kwa weusi juu ya weupe yakaandikwa kwa weupe juu ya weusi. Pembe za picha, ambako hakuna anayeangalia, zikatiwa kivuli. Aliyemshinda ni bwana harusi, aliyekuwa na suti nyeupe pee kama friji jipya, na akakataa kata kata kuibadilisha kwa sababu ya betri. Basi Skrini, aliyeshika kamera, akaamriwa na mkewe amwonyeshe shemeji kuanzia mabega kwenda juu. Harusi nzima bwana harusi alikuwa kichwa.

Siku ikafika. Madirisha ya ukumbi yalifunikwa ili skrini isishindane na jua. Mama Meneja akaketi pembeni kwenye kimeza chake, nyuma ya kitambaa cheusi, kompyuta mbele, Meneja mgongoni amelala. Kando yake aliweka karatasi nyeupe na tochi ndogo. Hiyo ilikuwa sheria ya mwalimu: kila mara mulika karatasi yako kwa taa isiyobadilika, uitazame, ndipo urudi kwenye picha, maana jicho lako nalo ni jicho, litadanganyika kama la wenzako.

Maharusi wakaingia. Bluu ikashuka kidogo. Wakaketi, bluu ikashuka kidogo tena. Hakuna aliyegeuza shingo. Kipimo cha betri kilikuwa kimesimama vizuri, na moyo wake ukaanza kucheza kabla muziki haujawekwa.

Halafu mama mdogo wa bwana harusi akaja kuazima tochi. Choo kilikuwa giza, na yeye si mtu wa kubahatisha. Angeirudisha sasa hivi.

Hakuirudisha. Mama Meneja akabaki na karatasi peke yake, na karatasi haina taa. Ilimulikwa na nini, kama si na skrini yenyewe iliyokuwa pale juu yake? Skrini ikienda manjano, karatasi inakwenda manjano nayo, zimeshikana mikono kama wezi wawili wanaotoleana ushahidi. Akiitazama karatasi, nyeupe. Akitazama picha, imelingana na karatasi. Akajisemea, loo, kumbe bado nafasi ipo. Akavuta bluu chini. Akasubiri. Akatazama: nyeupe. Akavuta tena.

Keki ilipokatwa, bibi harusi alikuwa na rangi ya limau lililoiva. Ukumbi mzima ulimtazama kwenye skrini na kusema jinsi alivyopendeza.

Baba Mkubwa akachukua maiki. Akaanza na babu yake, akaja kwa babu mwingine. Betri zikasonga mbele bila wasiwasi, zilikuwa na nguvu za kumsikiliza hata kesho, jambo ambalo wageni hawakuwa nalo.

Mama mkwe hakuwa ukumbini. Alikuwa nje juani, ndani ya gari la mtu, akifanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya kioo kidogo cha dereva. Alikuwa ameshaibadili nguo yake, akavaa ile aliyoificha tangu asubuhi: gauni la bluu kali, bluu ya wino, na kilemba chake. Walipomwita akaingia kwa mlango wa nyuma, macho yake yametoka kwenye mchana mweupe, na kitu cha kwanza alichokiona ni binti yake kwenye skrini, mkubwa kama ukuta, amegeuka manjano.

Alipita nguzo zote bila kusalimia mtu. Akafunua kitambaa cheusi.

"Umemfanya nini mwanangu? Ana manjano. Wote wana manjano. Baba Mkubwa anafanana na papai."

Mama Meneja akatazama skrini. Aliona harusi nzuri, nyuso nzuri, shela jeupe. Akataka kusema mama, hakuna kitu. Kisha akatazama gauni la mama mkwe aliyesimama mbele yake, akatazama kona ya skrini ambako kamera ilikuwa imeshamnasa akipita, na pale kwenye skrini gauni lile lilikuwa jeusi. Si la bluu iliyofifia. Jeusi, kama tambara la kufutia mnyororo wa baiskeli.

Akaelewa yote kwa mara moja: tochi, karatasi, macho yake.

"Jina langu linaitwa," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo iliyotisha. "Nimengoja harusi zote hizi. Sasa napanda kule, na wewe umenivalisha matanga."

Akaondoka kwenda mbele. Nyuma ya meza kikabaki kilemba tu. Mama Meneja akafanya kile ambacho mwalimu angemnyang'anya kiti kwa kukifanya: akairudisha bluu yote kwa mpigo mmoja.

Ukumbi ukaguna. Macho yaliyokuwa yamezoea manjano tangu mchana yakaona kila kitu kimegeuka samawati, baridi, kama watu waliofufuliwa mtoni. Bibi harusi midomo yake ikawa ya maiti. Mtoto mmoja akalia. Shangazi mpambaji akapiga kelele kwamba alisema mapema kuhusu mapazia. Kutoka nyuma ya nguzo watu wakadai rangi ya kweli irudishwe, ile ya mwanzo, ile nzuri. Baba Mkubwa, aliyekuwa bado hajafika kwenye kiti chake, akageuka na kunyoosha mkono kuomba maiki, ili atulize hali kwa niaba ya mama wa bibi harusi.

Mama mkwe hakumpa. Aliutazama ukumbi, akatazama skrini iliyokuwa nyuma yake. Kwenye skrini alikuwa amesimama mwanamke wa gauni la bluu, bluu hasa, kila uzi mahali pake, na uso wake ule ule aliouona kwenye kioo cha dereva sasa hivi. Watu wote wale, pamoja na shemeji yake, walikuwa wanasema picha hiyo si ya kweli.

"Mkwe wangu," alisema kwenye maiki. "Toka huko ulikojificha. Nani anaona vibaya, mimi au hawa?"

Mama Meneja akatoka na Meneja mgongoni. Alitamani sakafu ipasuke, lakini ilikuwa ya zege. Akasema kweli: kwamba kosa ni lake, amevuta rangi kupita kiasi ili betri zifike, kwamba waliokuwa ndani macho yao yamezoea, na kwamba anayeona sawa humu ndani ni mama peke yake, kwa sababu ametoka juani.

Mama mkwe akaiziba maiki kwa kiganja. Wageni walidhani amekasirika, lakini mwanawe aliyekuwa ameshika kamera aliona, kupitia kioo cha kamera, kitu ambacho hakukiona siku nyingi: mama yake anazuia kucheka. Katika maisha yake yote ya ndoa na ya ujane, hakuwahi kuwa sahihi peke yake dhidi ya ukoo mzima, na ushahidi ukapatikana.

"Nyote nje," akasema.

Baba Mkubwa akauliza kama amesikia vizuri.

"Na wewe, shemeji. Hasa wewe. Mkaangalie jua kidogo, mkaangalie nguo zenu, kisha mrudi mnisikilize. Sizungumzi na watu ambao hawaoni nimevaa nini."

Wakatoka. Hawakujua kwa nini wanatii. Labda ni kwa sababu mtu mfupi mwenye maiki ana mamlaka ya ajabu. Wakasimama uwanjani na mavazi yao, wanasonya, wanatazamana, wakapewa soda. Ndani Skrini akazima skrini ili betri zipumzike. Bwana harusi, kwa mara ya kwanza siku ile, alionekana mzima na miguu yake.

Waliporudi, skrini ikawashwa. Hakuna aliyeguna. Minong'ono tu ilipita viti kwa viti, kwamba kumbe mama wa watu amevaa bluu, na kwamba ile ya mwanzo sasa wanaikumbuka, lo, tulikuwa tunamsifu mtu mwenye manjano. Mama Meneja aliikodolea macho bluu ile isipungue hata chembe. Ilikula betri kama chakula cha bure, na yeye akaiacha ijilie.

Hotuba ilikuwa fupi. Mama mkwe alimwambia binti yake maneno machache, mengine ya kuchekesha kuhusu wanaume wanaojiita vichwa, na moja au mawili ambayo yalimfanya bibi harusi aharibu vipodozi vyake. Hadi nyuma ya nguzo ya mwisho watu waliona chozi likishuka na rangi yake. Ilipofika zamu ya Baba Mkubwa kutoa neno la shukrani, ambalo halikuwepo kwenye ratiba, skrini ikacheza mara mbili, ikazima. Wageni wakapiga makofi kwa muda mrefu, na haikujulikana wanampigia nani.

Jioni, viti vinapangwa, Skrini akishusha matofali yake moja moja, Mama Meneja alimkuta mama mkwe ameketi pembeni, miguu peku juu ya kreti ya soda, mjukuu mapajani. Akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Akaanza kuomba radhi.

"Ulimfanya binti yangu limau," mama mkwe alimkatiza. "Siku ya harusi yake. Hilo nitakusimanga nalo mpaka nizikwe, na nikizikwa nitakuachia dada yangu aendelee."

"Ndiyo, mama."

"Hilo la macho kuzoea. Mwalimu wako alisema linachukua muda gani kuondoka?"

"Dakika chache tu, mama. Ukishatoka nje."

Mama mkwe akamtazama Baba Mkubwa, aliyekuwa mlangoni anawahutubia wabeba viti. "Kuna wengine hawajawahi kutolewa nje," akasema.

Mtoto akajinyoosha, akamshika bibi yake pua. Bibi akaiachia pua yake ishikwe.

"Jumanne umlete ameshakula," alisema, sauti imebanwa na vidole vya mjukuu. "Na ukirudi, kabla hujavua viatu, unanieleza mlichosoma. Chote. Sitaki tena watu wanichezee macho wakati elimu iko nyumbani kwangu."

Mama Meneja alihisi kitu kinalegea mabegani, mahali ambapo kamba ya mbeleko hukaa. Akasema Jumanne watasoma kwa nini nyekundu huonekana nyeusi wakati wa magharibi, jambo la ajabu sana, maana jioni jicho lina tabia ya—

"Usianze sasa. Miguu inaniuma."

"Ndiyo, mama." Akaiweka sawa mbeleko. "Na Alhamisi?"

"Nimesema Jumanne. Alhamisi tutaona unavyojua kueleza."

Akainuka bila kungoja jibu, mtoto kiunoni, akaenda kumwambia mwanawe kwamba anavishusha vile vipande kichwa chini.